Madaftari mawili ya kofia za viua: yawe kitabu kwa njia gani?

Swali: Mwanangu, kudarizi kofia za viua, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi, nilijifunza Pemba kwa shangazi yangu. Sasa naishi Tanga, na kila jioni nafundisha wasichana barazani kwangu. Nimeandika madaftari mawili nikitaka yawe kitabu, maana mimi siishi milele. Mtu mmoja wa uchapaji ameniambia nitoe pesa ya nakala 1,000 ndipo kitabu kitakuwa rahisi. Roho inasita. Nianzie wapi? Na nifanye nini watu wasiniibie mitindo yangu?

Jibu: Shikamoo bibi. Kurasa kumi ulizozipiga picha na kuniletea nimekaa nazo jioni nzima, na nitakujibu kwa urefu. Ila la nakala 1,000 haliwezi kusubiri: hiyo hela usiitoe. Bado.

Aliyekuambia hivyo hakudanganyi. Mitambo mikubwa ya ofseti lazima itengenezewe mabamba kabla karatasi ya kwanza haijapita, na gharama ya mabamba ni ileile, uchape nakala 100 au 5,000. Ukichapa nyingi inagawanyika, kila nakala inashuka bei. Mashine za dijitali hazina bamba, kwa hiyo nakala ya kwanza na ya hamsini bei zake zinakaribiana. Tufanye hesabu, namba ni zangu za mfano tu. Tuseme nakala 1,000 za ofseti zinakuja sh 6,000 kila moja, jumla milioni 6. Nakala 100 za dijitali zinakuja sh 11,000 kila moja, jumla milioni 1 na laki 1. Ile 6,000 inapendeza machoni. Lakini ukiuza 150 na nyingine 850 zikalala chini ya kitanda, kila uliyoiuza imekutoka kwa sh 40,000. Habari za chini ya kitanda nazisema kwa ujuzi wangu mwenyewe, na panya wa Dar hawachagui cha kusoma.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko hela. Toleo la kwanza la kitabu cha mkono halikosi makosa, na makosa yake si ya herufi. Herufi ikikosekana msomaji anajaza mwenyewe. Kipimo kikikosewa, mtu anakata kitambaa, anadarizi mwezi mzima, halafu kofia haiingii kichwani.

Miaka ya nyuma nilisimamia kitabu cha ushonaji kilichokuwa na pateni, yaani mchoro wa kukatia, ya kofia ya duara. Tuliichora kwenye karatasi ya A4, duara la juu lina kipenyo cha sentimita 18, la mtu mzima. Kiwandani wakaamua kitabu kiwe A5 ili kuokoa karatasi, wakapunguza kila ukurasa uingie. Ukitoka A4 kwenda A5 kila urefu unabaki kama asilimia 71 ya ulivyokuwa. Duara letu la sentimita 18 likawa 12.7, na mzunguko wake ukawa sentimita 40, kichwa cha mtoto wa miezi mitatu. Nakala 500. Aliyegundua si mimi wala mpiga chapa. Ni mama mmoja aliyekuja kuniuliza kwa upole kama kofia ile ni ya kitoto na mbona hatukuandika.

Tangu siku hiyo hakuna ukurasa wa pateni unaotoka mikononi mwangu bila mstari wa sentimita 5 pembeni, na maneno haya chini yake: "Pima mstari huu kwanza. Kama si sentimita 5, usikate." Uweke na wewe. Hata kitabu kikitolewa fotokopi huko mbele, na kitatolewa, mstari unasinyaa pamoja na pateni na kumwambia msomaji kwamba kuna jambo.

Sasa nije kwenye maandishi yako, maana hapo ndipo kazi ilipo. Daftari la kwanza, ukurasa wa saba, umeandika: "Toboa kiua, zungushia uzi, vuta hadi kikae." Maneno saba. Msichana wako wa barazani anayaelewa kwa sababu anautazama mkono wako. Mimi niliyesoma nikiwa peke yangu nilikwama kwenye neno la kwanza. Nitoboe kwa nini: sindano nene, maharazi, ncha ya mkasi? Tundu liwe na upana gani, wa punje ya mtama au ya mchele? Nyuzi za bafta, kile kitambaa cha kofia, nizisukume kando au nizikate? Si swali dogo hilo. Zikisukumwa kando, tundu linataka kujifunga tena na uzi wa kudarizi ndio unaolizuia, kwa hiyo kuvuta ni lazima. Zikikatwa, ukivuta sana unachana. Halafu, sindano inaanza kutokea juu au chini? Nazunguka kuelekea kulia au kushoto? Mizunguko mingapi kwenye tundu moja? Nikimaliza kiua kimoja nakata uzi, au napita nao kati ya matabaka mawili ya kitambaa hadi kiua cha pili? Na "hadi kikae" ndiyo hadi kiweje? Hadi tundu liwe duara? Hadi ukingo uinuke? Hadi kitambaa kianze kujikunja, kisha nilegeze kidogo?

Usikasirike bibi. Fundi mzuri ndiye anayeandika hivyo, kwa sababu vidole vyake vilishaacha kumuuliza. Mimi mwenyewe nikiandika namna ya kusonga ugali nitasema "songa hadi uive" na nitadhani nimemaliza.

Dawa yake naijua moja tu, na inachosha. Tafuta watu watatu wasio wanafunzi wako. Wa kwanza awe mshonaji wa cherehani ambaye hajawahi kugusa kofia. Wa pili awe hajui sindano kabisa, labda kijana wa jirani. Wa tatu awe fundi wa kofia kama wewe, ikiwezekana aliyefunzwa kwingine, Lamu au Mombasa. Mpe kila mmoja ukurasa ule, kitambaa, uzi na sindano. Kisha kaa mbele yake na usifungue mdomo. Shika kalamu. Kila atakapoinua kichwa kukutazama, andika alikuwa amefika sentensi ya ngapi: hapo pana sentensi inakosekana. Atakapofanya kosa kwa kujiamini, andika vilevile, maana hapo sentensi ipo lakini ina maana mbili. Utatamani kumshika mkono. Usimshike. Kitabu hakina mkono.

Yule wa tatu atakubishia. Atasema kwao hawaanzi na duara la juu, wanaanza na ukanda wa pembeni. Atasema jina la mtindo si hilo. Mwache abishe, na yale ya maana yaingie kitabuni: "Wengine huanza na ukanda." Msomaji aliyefundishwa kwa njia nyingine asijione amepotea.

Ndipo linakuja suala la majina. Daftarini umeandika subana mahali pamoja na kastabini mahali pengine. Ni kitu kilekile, lakini mgeni atatafuta vitu viwili dukani. Kudarizi na kutarizi, vivyo hivyo. Chagua neno moja, litumie mwanzo hadi mwisho, na mbele ya kitabu weka ukurasa mmoja wa vifaa wenye mchoro wa kila kifaa na majina yake mengine. Wafumaji wa kroshia wanalijua balaa la majina: katika pateni za Kiingereza kuna jina la mshono ambalo Uingereza ni mshono mfupi na Marekani ni mrefu, na aliyefuma kitambaa cha kochi bila kuangalia pateni imetoka nchi gani amekipata kisicholingana na kochi lolote. Sisi wa Kiswahili hatuna bado orodha moja ya majina ya mishono iliyokubaliwa na wote. Kwa hiyo kitabu chako, utake usitake, kitakuwa kinawawekea wengine majina. Neno kiua lenyewe limo kwenye kamusi za zamani, na maana yake ni hayahaya matundu ya kofia. Usilibadilishe kwa neno la kisasa ili uonekane umesoma.

Picha. Hapa una shida ambayo mshona vitenge hana: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Kofia iliyokamilika, ile ya kuwekwa jaladani, ipige asubuhi karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, juu ya kitambaa cheusi au cha buluu iliyoiva. Mwanga wa mbele, na hasa wa tochi ya simu, unazifuta kazi zote. Ni kivuli cha kila kiua ndicho kinachoonyesha umbo. Lakini kwa hatua za kufundishia usihangaike na bafta nyeupe. Chukua gunia safi la katani, uzi mnene mwekundu, na sindano kubwa ya shazia, udarizi kiua kikubwa kama sarafu. Aibu ya kudarizi gunia itapita. Msomaji ataona uzi umeingia wapi na umetokea wapi, na hilo kwenye kofia halisi halionekani hata kwa miwani.

Simu ya kawaida ya megapikseli 12 inatosha. Picha yake ina nukta 4,000 kwa 3,000, na uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo inajaza ukurasa wa A4 na kubaki. Tatizo ni njia inayopita. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, inabanwa ikifika kwangu imekonda, na kwenye karatasi itatoka na ukungu. Zile kurasa zako kumi zilifika zimekonda; kwa kusoma zilinitosha, kwa kuchapa hazifai.

Michoro ya mkono usiidharau, mara nyingi inashinda picha. Kuna desturi nzuri ya kuchora mishono: kila mahali sindano inapogusa kitambaa panapewa namba, namba witiri (1, 3, 5) sindano inatokea juu, namba shufwa (2, 4, 6) inazama. Uzi ulio juu unachorwa kwa mstari mzima, ulio chini kwa vidoti. Ukishamweleza msomaji mara moja, huhitaji tena maneno mengi. Ongeza mchoro mmoja uliogeuzwa kama kwenye kioo kwa wanaotumia mkono wa kushoto. Barazani wapo, ila wengi wameshazoea kunyamaza.

Vipimo vya kofia vinataka ukurasa wake. Usiandike "kata duara la kiasi." Mwambie apime kichwa kwa utepe, agawanye kwa 3.14 apate kipenyo: kichwa cha sentimita 57 kinataka duara la sentimita 18.1 na ushei, bila kuhesabu pindo. Pindo liandike peke yake, kwa namba, kwa duara na kwa ukanda. Ukanda wa sentimita 57 hauingii kwenye ukurasa wowote wa kitabu, kwa hiyo usiuchore wote. Chora kipande kimoja kinachojirudia. Kama mtindo wako unarudia ua mara nane, kila kipande ni 57 gawanya kwa 8, yaani sentimita 7.1 na ushei. Kwa kichwa cha 54 ni 6.75. Tofauti ni ndogo kwa kipande kimoja, ila kwa vinane ni sentimita 3 kamili, ndiyo kofia inayoelea masikioni.

Umbo la kitabu nitalipitia haraka. Kitabu cha kudarizi husomwa mikono yote miwili ikiwa na kazi, kwa hiyo lazima kilale wazi mezani bila kushikiliwa. Kilichobandikwa gundi mgongoni kinajifunga, na ukikilazimisha kurasa zinachomoka. Chagua waya wa spairo, au kama kurasa hazizidi 64 hivi, kibanwe pini katikati. Cha pini lazima idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, usije ukashangaa kuna kurasa tupu mwishoni. Ningekuchagulia A4 kwa ajili ya pateni, karatasi isiyong'aa ili msomaji aandike kwa penseli. Ndani rangi nyeusi na nyekundu tu zinatosha. Mpelekee mpiga chapa faili la PDF lenye fonti, yaani maumbo ya herufi zako, ndani yake, na kila kinachofika ukingoni kizidi milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Omba nakala moja ya majaribio, ilipie, halafu chukua rula upime ule mstari wa sentimita 5 kabla hujasema "endeleeni."

La kuibiwa. Nitakueleza kama lilivyo, ingawa najua halitakufurahisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ya Tanzania Bara, inalinda maneno yako, michoro yako na picha zako tangu unapozitengeneza, hata kama hujasajili popote, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Zanzibar wana sheria yao, ya mwaka 2003. Mtu akichapa kurasa zako au akiuza PDF yako bila idhini, una kesi. Lakini namna ya kutoboa na kuzungushia kiua si mali ya mtu. Njia ya kufanya kazi haimilikiwi kwa hakimiliki. Na mitindo ya shangazi yako ni ya mafundi wengi kabla yake. Kofia hizi zimevaliwa pwani nzima, na kofia za Oman, za kudariziwa kwa mkono, ni ndugu zao wa karibu. Kwa hiyo ugawe kitabu mara mbili: mitindo uliyoirithi, ukisema umeirithi kwa nani, na mitindo uliyoibuni mwenyewe, ukiandika jina lako na mwaka chini ya kila mchoro. Hivyo hata anayeiga anaiga akijua ni ya nani. Kusajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki kunasaidia kuwa na ushahidi, na unaweza kufanya hivyo ukipenda.

Na wewe usiibe. Ukurasa wa tisa wa daftari la pili kuna ua ambalo naliona limetoka kwenye mtandao, lina hata alama ya tovuti pembeni. Liondoe. Kofia ya jirani ukiipiga picha, mwombe ruhusa, umwandike jina kama anataka.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Mtu binafsi anayejichapishia anaruhusiwa kuomba kwa jina lake. Nambari za Tanzania utaziona zina tarakimu kama 9976 au 9987 baada ya 978. Ukiuza pia PDF, ile inataka namba yake tofauti. Vitabu vikitoka unapeleka nakala za amana, za kuhifadhiwa, palepale. Ithibati ya Taasisi ya Elimu huihitaji, ile ni ya vitabu vya shule. Asije mtu akakutoza kwa ajili yake.

Bei usiitoe kichwani. Duka la vitabu litataka theluthi moja hivi ya bei ya jaladani, wakati mwingine zaidi. Kama nakala inakutoka sh 11,000 na umeweka bei 15,000, dukani utapokea 10,000, na kila mteja utakuwa umemlipa 1,000 anunue. Kwa nakala 100 za kwanza liache duka. Uza barazani, kwenye harusi, kwa walimu wa ushonaji wa vyuo vya VETA, kwa Wapemba na Waunguja walio nje ambao mama zao walidarizi na wao hawakujifunza. Na uza kitabu kikiwa ndani ya mfuko pamoja na kipande cha bafta kilichokwisha kupigwa bandi na kuchorwa viua kumi, uzi na sindano. Mfuko huo hautolewi fotokopi. Hii ndiyo kinga ya wizi ninayoiamini kuliko sheria ya 1999.

Usianze na kitabu kizima. Anza na ukurasa wa saba. Uandike upya kwa kujibu maswali yangu, uwape wale watatu, kisha niletee walichodarizi pamoja na ulichoandika, tuone nani alikwama wapi. Gunia la kiua kikubwa lipige picha pia. Na picha hizo bibi, mwambie mjukuu wako azitume kama dokumenti.